Mizani ya ghalani iligoma kila walipokuja watu wa Kilimarondo. Kosa lilikuwa langu, dawa ilikuwa kwenye zizi la mbuzi la marehemu baba

Wakuu, habari za mchana. Poleni na majukumu.

Humu nimekuwa msomaji tu kwa miaka, leo naomba nafasi niandike. Ninachosimulia kimenitokea mwenyewe msimu wa korosho, hapa Nachingwea. Majina nimebadilisha na chama sikitaji. Mengine yote yalikuwa hivi hivi. Atakayeona naongeza chumvi aje ghalani aulize, aseme tu anamtafuta Dada wa Laptop.

Nianze na mimi ni nani, maana bila hapo hamtaelewa kwa nini jambo dogo la code lilinitoa machozi mbele za watu.

Mimi ni mzaliwa wa kwanza. Nyuma yangu wapo wawili, Deus na Restituta. Kwetu ni Kilimarondo, kule ambako shamba lako na pori la tembo ni majirani.

Mama alitangulia, baba akafuata mwaka uliofuata. Nilikuwa kidato cha pili.

Sikuitisha kikao na mtu. Nilikunja sare nikaiweka chini kabisa ya sanduku, nikasema hawa wawili watasoma. Basi.

Nikaenda Ruangwa mjini, nikapata kazi steshenari. Kutoa kopi, kuchapa barua, kujaza fomu za maombi ya ajira za watu waliosoma kuliko mimi. Palikuwa na mwalimu mmoja mtu wa Mwanza, alikuja kuchapisha mitihani kila muhula. Siku anahamishwa aliniachia laptop yake kuukuu na kitabu kisicho na jalada cha C#, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Akasema, "Hiki kimenishinda. Wewe una shingo ngumu, jaribu."

Nikajaribu. Ukurasa mmoja mmoja, mteja akija nafunika kitabu, akiondoka nafunua. Ilichukua miaka.

Baadaye bosi alifungua tawi Nachingwea akanileta huku. Hapo ndipo nilipokutana na Katibu wa chama cha wakulima, alikuwa anakuja kuchapisha matangazo. Siku moja namsikia analalamika: kila msimu wakulima wanagombana na karani, huyu anasema mizani ilisoma hivi, yule anasema karani kaandika vile.

Nikamwambia, "Katibu, mizani yenu ya digitali si ina tundu la waya nyuma? Naweza kuandika programu, uzito uingie wenyewe kwenye kompyuta, karani asiandike kitu. Na kioo kiwaelekee wakulima, kila mtu aone."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Umesomea wapi?"

"Ruangwa, Katibu. Nyuma ya mashine ya kopi."

Akacheka, lakini akakubali.

Wakuu, wiki ya kwanza ya msimu nilitembea kama nimevaa viatu vipya. Gunia linawekwa kwenye mizani, karani anapima unyevu wa korosho kwa kile kifaa chake, anaandika jibu la unyevu kwenye kompyuta, uzito unaingia wenyewe, risiti inatoka. Karani alikuwa dada mmoja mtu wa Iringa, nimwite Sophia. Alisema tangu aletwe kusini hajawahi kufanya kazi bila kutukanwa siku nzima.

Wiki ya pili likaja lori la Kilimarondo.

Gunia la kwanza, sawa. La pili, sawa. Mbele kidogo, kioo kikaganda na maandishi kwamba mizani haipatikani, inatumika na programu nyingine.

Programu gani nyingine? Hakuna. Ni hiyo yangu tu.

Sophia akazima laptop akawasha. Ikafanya kazi. Baada ya magunia kadhaa, imegoma tena. Zima, washa. Mstari wa watu umefika barabarani, jua ni lile mnalolijua.

Siku iliyofuata wakaja watu wa vijiji vya jirani na mjini. Hakuna shida, kutwa nzima.

Wiki iliyofuata, Kilimarondo tena. Imegoma.

Sasa nanyi mnajua watu. Mara ya kwanza walisema ni bahati mbaya. Mara ya pili wakaanza utani. Mara ya tatu utani ukaanza kuota mizizi.

"Nyie mmekuja na tembo ndani ya magunia nini?"

"Mizani inawajua hawa. Inawaogopa."

Alikuwepo mzee mmoja wa kijijini kwetu, Mzee Longino, jirani wa marehemu baba. Kiswahili chake ni cha taratibu, katikati anaingiza Kimwera. Siku ile mashine iligoma ikiwa zamu yake kwenye mizani. Kijana mmoja mpakiaji akapaza sauti, "Babu, hebu sogea kule nje kidogo, labda mashine itapona."

Mzee akasogea. Kwa aibu, kofia mkononi. Akaenda kusimama ukutani.

Na wakuu, naapa, Sophia alipojaribu tena baada ya dakika kadhaa, bila hata kuzima laptop, ikakubali.

Ghala zima likapiga kelele. Sasa ilikuwa imethibitishwa.

Sababu halisi ya ile "kupona" nitaieleza huko mbele. Siku ile sikuijua. Nilichojua ni kwamba nilimwona mzee aliyewahi kunibeba mgongoni amesimama ukutani kama mwizi, na aliyemweka pale ni mimi.

Jumatatu Katibu akaniita ofisini. Hakufoka, na hilo lilinitisha zaidi.

"Sikiliza, dada. Mimi siamini mambo ya mikosi. Lakini wakulima wanaanza kuamini. Jana wamenijia watu watatu wanataka Kilimarondo wapimwe siku yao peke yao, mwisho wa wiki, wengine wakishamaliza. Ijumaa linakuja lori lao. Mashine ikigoma tena mbele yao, laptop yako unabeba, tunarudi kwenye daftari. Na hilo la siku yao peke yao itabidi nilikubali, maana sitaki ngumi ghalani."

Nikamwuliza, "Unajua mimi ni wa wapi?"

"Ruangwa."

"Kilimarondo, Katibu."

Akaniangalia upya. Akasema, "Basi una sababu mbili."

Tuelewane hapa. Kupoteza ile kazi kungeniuma, lakini nimeshapoteza vikubwa zaidi nikasimama. Kilichonikosesha raha ni kwamba kijiji kizima kingepimwa mwisho kama wenye ukoma, kwa sababu ya programu iliyoandikwa na binti yao. Hilo ungeliwekaje hata kwenye maombi?

Jumanne nikachukua kiti nikakaa nyuma ya Sophia na karatasi. Sikugusa code. Nikaamua kuandika kila mashine inapogoma, na kitu gani kilitokea kabla yake. Kazi ya ukarani, wakuu, lakini ndiyo iliyonisaidia.

Siku hiyo kulikuwa na watu wa mjini tu. Saa tano, mashine ikagoma! Sophia akashtuka, "Mbona leo Kilimarondo hawapo?"

Nikaangalia karatasi. Mtu aliyetangulia, gunia lake lilikataliwa. Korosho zilikuwa mbichi, unyevu umezidi, akaambiwa arudi akaanike.

Saa nane ikagoma tena. Aliyetangulia: amekataliwa.

Nikageuza kiti. Nikamwuliza Sophia, "Watu wa Kilimarondo huwa mnawakatalia magunia mengi?"

"Kuliko wote," akasema. "Korosho zao zinafika na maji."

Na mimi nilijua kwa nini. Kwetu lori linakuja mara moja tu kwa wiki, na likija halisubiri mtu. Ukisikia lori liko njiani unakusanya korosho kutoka kwenye turubai hata kama hazijakauka, kwa sababu ukilikosa utakaa nazo ndani mpaka lijalo. Si uvivu wala mkosi. Ni umbali tu.

Nikafungua code yangu. Kosa lilikuwa limekaa pale tangu siku ya kwanza, linaniangalia.

Nieleze polepole kwa wasiojua mambo haya. Programu ikitaka kusoma mizani, inaishika kwanza ile njia ya waya. Ikishaishika, hakuna mwingine anayeweza kuishika mpaka iachiwe. Ni kama choo cha stendi, mmoja akiwa ndani wengine wanasubiri. Na kompyuta haikumbuki kwamba aliye ndani ni wewe mwenyewe uliyesahau kutoka.

Code yangu ilikuwa inashika mizani juu kabisa, inauliza unyevu, inasoma uzito, inatoa risiti, halafu chini kabisa, mstari wa mwisho, inaachia.

Lakini unyevu ukizidi, niliandika: onyesha "RUDISHA UKAANIKE", kisha toka. Ilitoka katikati, haikufika chini kwenye mstari wa kuachia. Mkulima aliyekataliwa aliondoka na gunia lake, mizani ikabaki imeshikwa na mtu asiyekuwepo.

Na ile kupona baada ya Mzee Longino kusogea? C# ina mfagiaji wake wa ndani, anayepita kukusanya vitu vilivyotupwa. Anapita muda anaotaka yeye. Siku ile alipita mzee akiwa ukutani, akaikuta mizani imeshikwa na asiyekuwepo, akaiachia. Hata angebaki pale pale kwenye mizani, ingepona vile vile.

Nilicheka peke yangu. Sophia akadhani nimechanganyikiwa.

Jumatano nikarekebisha. Nikabandika amri ya kuachia mizani kabla ya lile neno la kutoka. Tukajaribu kwa kukataa magunia makusudi, mara kumi, mara ishirini. Safi. Nikampigia Katibu nikamwambia tatizo limekwisha.

Hapa nawaomba mnicheke, nimestahili.

Alhamisi asubuhi, mashine imegoma. Hakuna aliyekataliwa.

Nikaangalia karatasi. Sophia alikuwa ameandika unyevu kwa mkato badala ya nukta. Programu haikuelewa ile namba, ikaruka nje na error. Iliruka nikiwa sijaweka amri ya kuachia hapo, kwa sababu hapo si mlango. Ni dirisha. Nani anaweka kufuli kwenye dirisha ambalo hajui lipo?

Nikaanza kuhesabu njia zote ambazo code yangu inaweza kutokea nje kabla ya kufika chini. Namba mbaya. Waya ukichomoka. Printa ikikosa karatasi. Karani akibonyeza kitufe cha kughairi. Kila nilipoziba moja naona nyingine mbili. Ilifika saa tisa alasiri, lori la Kilimarondo linapakia huko kwetu kwa ajili ya kesho yake, na mimi nimejaza amri za kuachia mpaka programu inaonekana kama nguo yenye viraka vingi kuliko kitambaa.

Nikampigia Deus. Mdogo wangu huyu alimaliza chuo cha ufundi akarudi nyumbani, ndiye anayeshika mashamba na mbuzi wa baba. Nilitaka kumwambia awaambie watu wachague korosho kavu kavu tu waziweke kwenye lori, angalau magunia ya kukataliwa yapungue.

Yuko zizini. Nasikia mbuzi. Tunaongea, mara nikasikia kwenye simu: *ngo!*

Nikabana simu sikioni.

Akaendelea kuongea, mara tena: *ngo!*

"Deus, nini hicho?"

"Kipi?"

"Hicho kinachogonga."

"Si jiwe la baba, dada. Umesahau?"

Sikuwa nimesahau, wakuu. Nilikuwa tu sijalisikia muda mrefu.

Sisi wadogo tulikuwa tunaacha mlango wa zizi wazi. Tunachapwa, tunaapa, tunasahau. Siku moja mimi na Deus tulikuwa zizini nyuki wakatushukia. Tulitoka mbio tukapiga mayowe mpaka kisimani. Mbuzi wakatoka nyuma yetu wakamaliza kunde za jirani, ambaye ni huyo huyo Mzee Longino. Baba alichukua fimbo, akatutazama tulivyovimba nyuso, akaiweka chini.

Akasema, "Mtu anayekimbizwa na nyuki hawezi kukumbuka mlango."

Jioni ile ile alifunga kamba kwenye mlango, akaipitisha juu ya nguzo, upande wa pili akaning'iniza jiwe. Ukiusukuma mlango kuingia, jiwe linapanda. Ukitoka, jiwe linashuka, mlango unajifunga: *ngo!* Utoke unatembea, utoke unakimbia, utoke unalia, utoke umebeba maji mikono yote miwili. Hutakiwi kukumbuka chochote.

Hakutuchapa tena kwa ajili ya mlango.

Nikamwambia Deus nitakupigia baadaye. Nikachukua kile kitabu kisicho na jalada. Nilikuwa nakumbuka kuna sura niliyoiruka, niliona ni mambo ya wakubwa. Ndani yake lilikuwepo neno moja, *using*.

using (var mizani = new SerialPort("COM3"))
{
    // pima unyevu, soma uzito, toa risiti
}

Ndiyo hiyo tu. Unashika kitu mlangoni, na ile alama ya mwisho ya kufunga ndiyo jiwe la baba. Ukitoka kwa kumaliza kazi, kinaachiwa. Ukitoka katikati, kinaachiwa. Ukiruka dirishani na error, kinaachiwa. Kushika na kuachia vinakuwa kitu kimoja, huwezi kufanya cha kwanza bila cha pili kukufuata.

Nilifuta viraka vyangu vyote, mmoja mmoja. Wakuu, sijui kama mnajua raha ya kufuta. Programu ikawa fupi kuliko ile ya mwanzo. Kabla jua halijazama nikamwita Sophia nikamwambia, "Haribu."

Akaandika unyevu kwa herufi. Akachomoa waya. Akaghairi. Akabonyeza vitufe kwa kiwiko. Kila mara mashine inalalamika kidogo, gunia linalofuata linapimwa kama kawaida.

"Hee," akasema. "Leo imekuwa na adabu."

Ijumaa.

Lori la Kilimarondo lilifika saa tatu. Katibu alikuja mwenyewe akasimama nyuma ya Sophia, mikono nyuma. Wapo waliokuja bila gunia, wamekuja kutazama tu. Yule kijana mpakiaji alikuwepo pia, ameegemea nguzo. "Haya, wenye tembo wamefika."

Mzee Longino alikuwa wa nne. Alipofika zamu yake hakusogea mpaka kwenye mizani. Alisimama mbali hatua tatu, kofia mkononi, akamwambia Sophia, "Nitoke nje kabisa, mwanangu?"

Nikaenda nikamshika mkono nikamleta mpaka mbele. Nikamwambia, "Babu, simama hapa hapa."

Gunia likawekwa. Sophia akapima unyevu. Akapima tena. Akaniangalia kwa huruma, akaandika namba.

Kioo, ambacho watu wote wanakiona, kikaandika kwa herufi nyekundu: RUDISHA UKAANIKE.

Watu hawakuangalia gunia la mzee. Walikuwa wanasubiri linalofuata.

Gunia lililofuata lilikuwa la mama mmoja, naye wa Kilimarondo. Likawekwa juu. Sophia akaandika unyevu.

Uzito ukatokea. Risiti ikatoka.

Lililofuata, uzito ukatokea. Lililofuata likakataliwa. Baada yake, uzito ukatokea. Risiti zinatoka tu, krr, krr, krr.

Mzee Longino alikuwa bado amesimama pale pale nilipomweka, na gunia lake lililokataliwa miguuni. Nadhani ndiye aliyeelewa wa kwanza. Akavaa kofia. Akamgeukia yule kijana mpakiaji, akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Umeona? Nimekataliwa mimi! Mashine haina neno!"

Kijana akajaribu kucheka. "Babu, umekataliwa halafu unafurahi?"

"Nafurahi sana! Korosho zangu mbichi, mimi najua ni mbichi, nitaanika! Jua lipo kwa wote! Mkosi ungeanikwa wapi?"

Ghala zima likacheka, na safari hii tulicheka naye. Kijana akatoka kwenye nguzo, akalibeba gunia la mzee begani bila kuambiwa, akalipeleka uwanjani kwenye turubai. Mzee akamfuata nyuma anamwelekeza namna ya kulitandaza.

Katibu hakusema mengi. Alikaa mpaka gunia la mwisho, mashine haikugoma hata mara moja. Akanifuata akaniambia, "Hakuna siku ya peke yao." Kisha, "Na daftari nimelifungia kabatini." Kwa Katibu hiyo ni hotuba.

Nilitoka nje nikampigia Deus. Akauliza, "Dada, imegoma?" Nikamwambia hapana, imekubali, naomba tu uingie zizini utoke. Akasema una wazimu. Lakini aliingia, akatoka, nikasikia *ngo!* nikalia nikiwa nimesimama kwenye jua, watu wanapita wananipa pole wakidhani nimefiwa.

Yapo maghala mengine mawili sasa yanayotumia programu ile, moja liko Malolo upande wa Ruangwa. Restituta yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi. Sare yangu ya kidato cha pili bado ipo chini ya sanduku, na sijutii.

Nyongeza: kuna mkuu kashasoma kaniuliza PM, umeme ukikatika ghafla je? Jibu: laptop yangu ni kuukuu, betri yake ilishakufa, hapo inazima nzima, na Windows inaachia kila kitu yenyewe. Ndiyo maana ile zima-washa ilikuwa inaponya. Ilikuwa dawa ya maumivu, ugonjwa ulibaki pale pale.

Nilichojifunza ni hiki. Miaka yote nilijisifu kwamba mimi ni mtu wa kukumbuka. Nimekumbuka kila siku ya shule ya wadogo zangu, kila dawa, kila sahani. Nikaandika code kwa kiburi kile kile, nikaamini nitakumbuka kuachia. Lakini kazi nyingine usiipe kumbukumbu, hata kama ni yako na ni nzuri. Ining'inizie jiwe. Na kabla hamjamweka mtu ukutani kwa sababu mashine imegoma, kaeni na karatasi mwandike kilichotangulia.

Waandishi wa code mliomo humu, nanyi mmewahi kuacha mlango gani wazi, na nani alilaumiwa badala yenu? Na wale wa kusini, nani kwao bado kuna mlango wa jiwe? Tupia picha hapa, nami nitamwambia Deus apige ya kwetu. Karibuni mnicheke, mnikosoe, mniongezee maarifa.